FIMBO YA MBALI HAIUI NYOKA
Kuta za mipakani, sheria ya mataifa, na sisi wa vikundi

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, Shieywe, Kakamega)

 

Leo hatukuja na habari za mbuzi wa maziwa wala za mbolea. Tumekuja kujibu swali. Tukizunguka vikundini tunaulizwa hivi: "Serikali yetu ilianza kujenga ukuta kule Mandera. Nchi nyingine nazo zinajenga. Je, hakuna sheria ya dunia juu ya mambo hayo? Na kama ipo, mbona haifanyi kazi?"

Pengine mtu atasema, Mandera ni mbali, yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Watu wa sehemu zetu wamekwenda kufundisha na kufanya vibarua huko, na wengine hawakurudi. Tena sisi wenyewe tunaishi karibu na mpaka. Mahindi, maharagwe na ndizi tunazokula hapa Kakamega, nyingi zimepita Busia au Malaba. Kwa hiyo tulizungumze jambo hili taratibu, mpaka tulielewe.

Tuanze na mpaka wa shamba

Kila mmoja wetu anajua mpaka wa shamba. Baba zetu walipanda mkonge au mti, wazee wakashuhudia. Nani analinda mpaka huo usiku? Hakuna askari. Unalindwa na mambo mawili. La kwanza, majirani wote wanaujua. La pili, jirani yako anajua kwamba kesho atakuhitaji: atakuja kuomba moto, atakuja kuazima jembe, na siku ya msiba wewe ndiwe utakayetangulia kufika.

Lakini tumeona pia jirani mwenye nguvu akisogeza mkonge usiku, hatua mbili, mwaka unaofuata hatua mbili tena. Mjane mwenye shamba anapiga kelele. Wazee wanakuja, wanapima, wanasema mjane ana haki. Yule mwenye nguvu anacheka na kuendelea kulima. Haki ipo, hukumu ipo, na shamba bado linalimwa na mwingine.

Hivyo ndivyo ilivyo sheria ya mataifa. Mkishika mfano huu wa mjane, mengine yote yatakuwa rahisi.

Mpaka wetu ulitoka wapi

Wengi hawajui kwamba kabla ya 1902 hapa petu palihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakauunganisha na nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Hakuna mzee wa hapa aliyeulizwa. Mstari wa mpaka uliwaacha Wasamia huku na Wasamia kule, Wateso huku na Wateso kule. Wabukusu nao wana ndugu zao Wamasaba upande wa pili wa Mlima Elgon.

Hata hivyo watu hawakuacha kuoana wala kuuziana. Hata jina la boda boda lilizaliwa Busia, kwa vijana wa baiskeli waliobeba watu na mizigo kutoka kituo cha upande huu hadi kituo cha upande ule.

Nchi za Afrika zilipopata uhuru, zilijua kwamba mipaka hii ya wakoloni ni mibovu. Lakini ziliogopa kwamba kila mtu akitaka kuisahihisha, damu itamwagika bara zima. Julai 1964 viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Cairo wakakubaliana: kila nchi iheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Somalia ilikataa, kwa sababu iliona Wasomali wenzake wako Kenya na Ethiopia. Kwa upande wetu tulikuwa na vita vya Shifta kaskazini mashariki hadi 1967.

Angalieni basi: makubaliano ya Cairo hayakuwa na polisi hata mmoja, lakini kwa sehemu kubwa yameshikwa hadi leo. Kwa nini? Kwa sababu kila nchi iliona kwamba ikivunja kwa jirani, na yake itavunjwa. Ni kama mzunguko wetu wa kila mwezi. Hatulipi kwa kuogopa jela. Tunalipa kwa sababu zamu yetu inakuja.

Ukuta wa Mandera

Sasa twende Mandera. Mji huo uko pembeni kabisa, Kenya inapokutana na Ethiopia na Somalia. Ng'ambo yake ni Bula Hawa ya Somalia, karibu kiasi cha kwenda kwa miguu.

Novemba 2014 wapiganaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera wakaua abiria 28, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo ya Krismasi. Siku kumi baadaye waliua wachimba mawe 36 karibu na mji huo. Tarehe 2 Aprili 2015 waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakafa watu 148. Nchi nzima ililia. Ni katika uchungu huo serikali ilianza kujenga ukuta mpakani.

Tusiwacheke waliotaka ukuta. Mtu aliyevunjiwa nyumba usiku, asubuhi hutafuta mlango wa chuma. Serikali isiyolinda watu wake haifai kitu.

Lakini tuulize, ukuta ulifika wapi? Mpaka wetu na Somalia una urefu wa karibu kilomita 700. Ukuta uligeuka kuwa uzio wa waya wa miiba, pamoja na handaki na barabara ya doria. Machi 2019 wabunge walitaka kazi isimamishwe baada ya kusikia kwamba kilomita 10 hivi zimekula zaidi ya shilingi bilioni 3. Waweka hazina, pigeni hesabu. Ni zaidi ya shilingi milioni 300 kwa kilomita moja. Kwa mpaka mzima ni zaidi ya bilioni 200. Wakati huo watu wa Bula Hawa walikuwa wakilalamika kwamba uzio umeingia upande wao.

Na jambo lingine. Serikali yenyewe ilitangaza kwamba mmoja wa waliovamia chuo cha Garissa alikuwa kijana Mkenya, tena msomi wa chuo kikuu. Huyo ukuta ungemzuia vipi, naye alizaliwa ndani?

Sheria inasema nini

Hapa wengi hushangaa. Hakuna mkataba wa dunia unaosema kwamba ni marufuku nchi kujenga ukuta mpakani. Nchi ni kama mwenye boma, anaweza kuweka ua. Sheria inagusa mambo matatu tu yanayozunguka ukuta huo.

Kwanza, ua ujengwe ndani ya ardhi yako, usiingie kwa jirani.

Pili, ukuta usitumiwe kumrudisha kwenye kifo mtu anayekimbia kifo. Hayo yamo katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, na tena katika mkataba wa Afrika wa 1969. Kenya imekubali yote miwili. Serikali inaweza kumpekua mkimbizi, kumwandikisha na kumpangia mahali pa kukaa. Kumsukuma arudi kwa wanaomwinda, hapana.

Tatu, ukuta usivunje haki za watu wanaoishi hapo, kama kuwanyang'anya mashamba, maji au njia ya hospitali bila sababu ya haki na bila fidia.

Mjane ana haki, lakini nani atamfukuza mlimaji?

Liko shauri moja linalojulikana dunia nzima. Israel ilijenga ukuta mrefu, na sehemu kubwa yake ilipita ndani ya ardhi ya Wapalestina. Jambo lilipelekwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko Hague, Uholanzi. Tarehe 9 Julai 2004 majaji 14 kati ya 15 walisema kwamba sehemu hiyo ya ukuta ni kinyume cha sheria, ibomolewe, na walioumizwa walipwe. Siku chache baadaye nchi 150 katika Umoja wa Mataifa zilipiga kura kuunga mkono. Miaka zaidi ya ishirini imepita. Ukuta bado umesimama.

Kwa nini? Maneno ya mahakama katika shauri hilo yalikuwa ushauri, si hukumu ya kumfunga mtu. Na hata pale inapotoa hukumu kamili, mahakama hiyo haina askari. Anayeweza kulazimisha ni Baraza la Usalama, na humo nchi tano kubwa, yaani Marekani, Urusi, Uchina, Uingereza na Ufaransa, kila moja inaweza kusema "hapana" na jambo likafa. Mwenye rafiki kati ya hao watano ana mwavuli.

Lakini tusinyoshe kidole kwa wengine tu. Mwaka 2014 Somalia iliishtaki Kenya katika mahakama hiyo hiyo juu ya mpaka wa baharini, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100,000. Mwaka 2021 Kenya ilijitoa katika usikilizaji wa shauri hilo. Tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama ilichora mstari ulioipa Somalia sehemu kubwa ya ilichotaka. Hiyo ilikuwa hukumu kamili, si ushauri. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alisema Kenya inaikataa yote. Hakuna aliyekuja kutukamata.

Mnaona? Tukiwa mjane tunalilia sheria, na tukiwa wenye jembe tunaicheka. Hilo ni neno la kutafakari nyumbani. Siku jirani mwingine atakapotusogezea mkonge, tutakimbilia mahakama gani?

Yalitupata hata hapa

Msidhani kwamba sheria hushindwa ng'ambo tu. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria kwamba ardhi ya reserve ni ya wenyeji daima, na kwamba ikichukuliwa sehemu yoyote, baraza la wenyeji liulizwe kwanza, na ardhi nyingine ya kulingana nayo itolewe. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega. Wazungu wakamiminika, migodi ikachimbwa, ukiwamo ule wa Rosterman tunaoujua wote. Desemba 1932 sheria ile ile ilibadilishwa haraka. Wenye shamba hawakuhitaji tena kuulizwa wala kupewa ardhi nyingine, bali fedha tu.

"Daima" ilidumu miaka miwili. Hata Uingereza kwenyewe wako watu waliopiga kelele, lakini haikusaidia. Wazee wetu walikuwa na haki, ila hawakuwa na kura, wala kiti katika baraza lililotunga sheria hiyo.

Miguu ya sheria iko nyumbani

Je, tukate tamaa? Hapana. Sikilizeni habari hii.

Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba itafunga kambi ya Dadaab, iliyokuwa na mamia ya maelfu ya wakimbizi, wengi wao Wasomali. Walikuwa warudi kwao, na vita havijaisha. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Kituo Cha Sheria walikwenda Mahakama Kuu, Nairobi. Hawakwenda Hague. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 2, inasema mkataba wowote ambao Kenya imeukubali ni sehemu ya sheria ya Kenya. Basi ule mkataba wa 1951 ulikuwa umeshapata miguu ya kutembea hapa nchini. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo aliamua kwamba amri ya kufunga kambi ni kinyume cha Katiba. Kambi haikufungwa.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hague ni fimbo ya mbali. Lakini fimbo hiyo ikiletwa nyumbani, ikashikwa na mahakama yetu na wananchi wanaoijua, inaweza kufanya kazi. Hilo ndilo jibu letu kwa swali mliloliuliza. Sheria ya mataifa ina nguvu pale ambapo majirani wanahitajiana, na pale ambapo watu wa nyumbani wanaijua na kuidai. Pasipo mambo hayo mawili ni karatasi tu.

Na yako mambo ambayo hayamo katika karatasi yoyote. Tarehe 21 Desemba 2015 Al-Shabaab walisimamisha basi jingine karibu na El Wak, Mandera. Waliwaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Akina mama walikuwa wamewavalisha wenzao Wakristo vitambaa vya kichwa wasitambulike. Waliwaambia wauaji: tuueni sote au mtuache. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi, akafa Januari 2016. Watu wawili waliuawa siku ile, lakini wengi walipona. Jamani, hao hawakuwa na waya wa miiba. Walikuwa wenyewe ukuta.

Sisi tufanye nini

Mpaka wetu wa Uganda hauna ukuta wa mawe. Lakini ziko kuta nyingine. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu ya kuvu, na baada ya siku chache ikayafungulia kwa masharti. Kuwalinda watu na sumu ni haki. Lakini mama aliyekuwa na magunia matano njiani alilipia nani? Na ukuta mbaya kuliko yote ni kutokujua. Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kishike haya:

1. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Kimarekani, wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo katika orodha iliyokubaliwa, unavuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi kinachopatikana pale pale mpakani. Bado ukaguzi wa afya ya mazao unaweza kuwapo. Wengi wanapita njia za panya na kutoa kitu kidogo usiku, kumbe mlango uko wazi mchana. Mitumba haimo, kwa maana haikutengenezwa kwetu.

2. Tangu 2014 Mkenya anaweza kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa. Kitunzeni, na msikubali kuambiwa lazima pasipoti.

3. Ombeni stakabadhi kwa kila mnacholipa. Malipo yasiyo na stakabadhi si ushuru.

4. Nchi ikivunja mkataba wa Jumuiya, mkazi wa kawaida anaweza kuishtaki katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Lakini shauri lipelekwe ndani ya miezi miwili. Mtu mmoja hataweza gharama. Vikundi kumi vikiungana na kumtafuta wakili, vinaweza. Kwa hiyo andikeni tarehe, mahali na jambo lililotokea, siku ile ile. Asiyeandika hana ushahidi.

5. Mkutane na vikundi vya upande wa pili. Kikundi cha Busia ya Kenya na kikundi cha Busia ya Uganda wakifahamiana, tatizo la mmoja litakuwa la wote wawili. Huo ndio mkonge uliopandwa mbele ya mashahidi.

Ndugu zetu, tumesema mengi. Mkisahau yote, kumbukeni mjane na shamba lake. Wazee walimpa haki, lakini kilichobaki ni majirani kusimama mpakani pamoja naye asubuhi, jembe mkononi.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Je, katika kijiji chetu kuna mtu aliyepewa haki na wazee au na mahakama lakini hajaipata? Kikundi kinaweza kusimama naye vipi?

2. Nani kati yetu anafanya biashara ya Busia au Malaba? Analipa nini, kwa nani, na ana stakabadhi?

3. Kenya ilikataa hukumu ya mpaka wa bahari mwaka 2021. Ilikuwa sawa? Kila upande utoe sababu zake, na katibu aandike.

4. Katiba ya kikundi chetu inasema nini juu ya mwanachama mwenye nguvu anayekataa uamuzi wa wengine? Je, tunaifuata?